Mwalimu wa Zamu na Kisanduku cha Taa Mbili

Mwalimu wa Zamu ukimsalimia hakuitikii papo hapo. Unamwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye anasimama, anakutazama juu ya miwani kama mtu anayechagua nyanya, halafu ndiyo "Marahaba" inatoka, nzito, imeiva pande zote. Wageni walidhani anaringa. Sisi wa Mabwerebwere tulijua anachofanya. Alikuwa anakupokea kwanza, ndipo anakurudishia. Hiyo marahaba yake nimeiigiza mpaka msibani, watu wakajifunika kanga usoni wasionekane wanacheka, na mfiwa mwenyewe akaniambia, "Irudie tena, shangazi."

Sasa mtu huyohuyo, uzeeni, ndiye aliyekaa chini akatengeneza mashine ya kupima nani anajibu haraka. Mungu anachanganya watu wake anavyotaka. Na mashine hiyo ndiyo iliyokuja kuushika usukani wa mwanangu Hamisi, ikasema atarudi barabarani au hatarudi. Ndiyo maana namsema leo.

Jina lake nalijua. Sijawahi kulitia mdomoni, na sitaanza sasa nimeshazeeka. Mwalimu wa Zamu tulimpa watu wa nje ya shule, sisi akina mama wa mihogo tuliokaa upande wa pili wa ua. Walimu wana wiki zao za zamu, si ndiyo? Wiki hii huyu anapiga kengele, wiki ijayo yule. Yeye alikuwepo wiki zote. Mwalimu mwenzake, yule mwembamba mwenye sauti ya puani, alikuwa anamwambia, "Lakini Mwalimu, wiki hii si yako, nenda ukapumzike." Naye, baada ya kunyamaza kwake: "Mtoto anayeanguka haangalii ratiba."

Mihogo yangu alikula miaka na miaka. Pilipili ilikuwa inamtoa machozi, kamasi linataka kushuka, na ukimuuliza, "Imekuwa kali, Mwalimu?" anasema, "Ni vumbi." Sifa alikuwa bahili nazo kuliko mtu yeyote niliyemwona chini ya jua. Kitu kikimfurahisha mpaka moyo unaruka, anasema, "Si mbaya." Binti yake alipofaulu kwenda sekondari, si mbaya. Mvua iliporudi baada ya ule ukame, watu tunacheza barabarani, yeye yuko mlangoni na mwavuli: si mbaya.

Alifungua redio za watu na kuzifunga tena, hata zile ambazo mwenyewe ulishazitupa kwa kuku. Lakini kuku wenyewe alikuwa anawaogopa. Mtu mzima, amevaa suruali ya kupiga pasi, watoto mia wanamtetemekea, akipita tetea karibu yake ananyanyua miguu kama bibi harusi kwenye tope. Nilimuuliza siku moja kuku amemfanya nini. Akafikiri, akafikiri. "Hana mpango," akasema. "Huwezi kujua anakwenda wapi."

Darasani alikuwa na sheria moja kubwa: usijibu kabla swali halijaisha. Nilikuwa namwona kupitia dirishani. Anauliza swali, halafu anatazama dari. Watoto wamefumba midomo, vidole juu, hakuna wa kusema "mimi mwalimu, mimi mwalimu." Anayeropoka anapelekwa nje, anasimama karibu na karai langu, anaambiwa asikilize mpaka asikie kitu ambacho hakukisikia mwanzo. Wengine walikuwa wanarudi na kusema wamesikia mafuta ya Mama Hamisi yanachemka. Mwalimu anasema, "Kaa." Mkono wake ukishuka ndipo mtu anajibu. Watoto wa Mabwerebwere wa enzi zile wote wamekua hivyo. Ukimtuma dukani anakusikiliza mpaka mwisho, anangoja kidogo kama umesahau kitu, ndipo anaondoka. Hamisi wangu ni mmoja wao. Nilishukuru sana wakati ule.

Neno lingine alilopenda ni hili: muulize aliyekuwepo. Watoto wakipigana, kiranja anakuja mbio na habari imepangwa vizuri, nani alianza, nani alifuata. Mwalimu anamwambia, "Ulikuwepo?" "Sikuwepo, Mwalimu, nimeambiwa." "Asante, nenda darasani." Halafu anakwenda kumtafuta katoto ka darasa la kwanza kalikokuwa kanachezea mchanga palepale, anachuchumaa, anakauliza hako.

Alipostaafu alihamia Mikumi kwa binti yake, mwenye duka la vifaa vya simu pale barabara kuu, malori ya Zambia yanapopumzika. Hamisi naye alikuwa ameshaoa, anakaa Mikumi, anaendesha basi la kutoka Ruaha kwenda Morogoro. Kwa hiyo nikienda kuona wajukuu, napita kumsalimia Mwalimu, nampelekea mihogo, tunasema ni vumbi.

Wakaja watu wa chuo kikuu fulani. Walitaka kupima madereva wa malori, kwamba mtu asiyelala vizuri anachelewa kiasi gani kukanyaga breki. Walitafuta mtu wa kuwaelezea madereva kwa Kiswahili cha kueleweka, wakampata yeye. Walikuwa na visanduku, kila kimoja na vitufe viwili na taa mbili. Taa ikiwaka, bonyeza. Basi, ndiyo kazi yote. Walipomaliza wakaondoka na kompyuta zao, wakamwachia kisanduku kimoja kilichopasuka pembe, kama ukumbusho. Mtu mwingine angekiweka kabatini pamoja na vikombe vya harusi.

Mwalimu alikiweka mezani, akakitazama kwa muda mrefu. Kisanduku kilikuwa bubu, maana maneno ya kukiamrisha yaliondoka na wenyewe. Akachukua kompyuta ya zamani ya binti yake, ile yenye herufi zilizofutika, akaanza kujifunza namna ya kuongea nacho. Binti alikuwa ananililia: "Mama Hamisi, baba hali. Nikimwita anasema 'nakuja', halafu chakula kinalala." Nikamwambia mwanangu, baba yako hata mihogo alikuwa anaila kama anayesahihisha daftari, mwache.

Msimu mmoja ulipita, na mwingine. Siku niliyofika akasimama mlangoni, akapokea shikamoo yangu, akairudisha, kisha akasema, "Njoo uone."

Chumba kilikuwa na meza, kompyuta na kile kisanduku. Zile taa mbili alikuwa ameshazing'oa, akazivutia waya mrefu, moja ameifunga mwisho wa meza kushoto, nyingine kulia. Nikamuuliza mbona amezitenganisha kama wake wenza. Akasema, "Dereva hamtazami mnyama. Anatazama barabara. Mnyama anatokea pembeni." Katikati ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kialama kidogo cha msalaba. Unakaa, macho kwenye kialama, vidole kwenye vitufe. Ikiwaka ya kushoto unabonyeza cha kushoto, ya kulia cha kulia, bila kugeuza kichwa.

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mistari na mistari. Mimi kusoma sijui, lakini mistari naiona.

"Yote hayo umeandika wewe?"

"Siyo yote. Kuna maktaba."

Nikatazama ukutani. "Maktaba iko wapi, mbona sioni hata kabati?"

Akavuta kiti. "Ni maneno ambayo watu wengine wameshayaandika. Wao wanajua lugha ya kisanduku, mimi siijui. Mimi nasema, washa kushoto. Maneno yao yanalichukua hilo, yanakiambia kisanduku kwa lugha yake. Kisanduku kikijibu, yanaleta kwangu kwa lugha yangu."

"Kama mkalimani."

"Kama mkalimani."

"Na watu hao unawajua?"

"Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hapana."

"Na wakakuachia tu maneno yao?"

"Wakamwachia yeyote anayepita," akasema. "Kama mtu aliyechimba kisima njiani."

Nilinyamaza. Si kawaida yangu, mume wa dada yangu angekuwepo angechinja mbuzi. Nilikuwa nawaza mtu huko aliko, hajui kama kuna Mikumi, hajui kama kuna mzee anaogopa kuku, amekaa usiku wake akapanga maneno, akayaweka wazi, na maneno yakatembea mpaka kwenye meza hii, yanawasha taa.

Akanionyesha kazi ilivyo. Kwanza anakiita kisanduku, kinaitika. Halafu anakiambia kisahau. Hapo nikacheka, nikamwambia mimi nasahau bila kuambiwa. Akasema kisanduku ni kama mtoto mtiifu mno. Ukibonyeza hovyo wakati hujaulizwa, hakikukemei, kinakuwekea lile bonyezo kwenye foleni. Taa ikiwaka baadaye kinakuletea bonyezo la zamani, kinasema hili hapa jibu. Kwa hiyo kabla ya kila taa, foleni inafagiliwa. Kisha taa inawaka, bila kupanga, usiweze kuotea. Kisha anangoja. Kisha anauliza saa.

"Unaiuliza kompyuta?"

"Kompyuta ina mambo mengi. Inasikia jibu likiwa limeshafika mlangoni, halafu inaandika saa ya mlangoni." Akagonga kile kisanduku kwa kucha. "Hiki kina saa yake tumboni. Bonyezo limetokea hapa. Muulize aliyekuwepo."

Nikakaa. Macho kwenye kialama. Nikangoja mpaka nikaona labda umeme umekatika, halafu kulia pakawa pekundu na kidole changu kikashuka chenyewe. Sikukituma. Mwalimu akasoma namba, akasema robo ya sekunde na ushee.

"Robo ya sekunde nilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Njiani. Kutoka jichoni kwenda kidoleni."

Nimezaa, nimezika, nimelima mpunga kwenye maji ya kiuno, nimepika kwenye harusi mpaka nyusi zikaungua. Sikuwahi kujua kwamba ndani yangu kuna barabara, na kwamba kila nikitaka kitu kuna msafiri anaondoka huku kwenda kule, na kwamba anaweza kuchelewa. Nilirudi kwa Hamisi siku ile natazama mikono yangu kama ya jirani.

Habari zikaenea. Madereva wakawa wanakuja kucheza, na mimi nikapata mavuno ya kuigiza ya miezi. Konda mmoja, kijana wa mjini, kofia nyuma, anaingia: "Mzee, kwanza nikwambie, mimi hapa ni moto." Anabonyeza taa haijawaka. Anabonyeza tena haijawaka. Mwalimu anatazama namba: "Huyu amejibu kabla hajaulizwa. Ni konda." Mtani wangu Msukuma wa lori la ng'ombe, mikono kama makasia, alikuwa anakipiga kitufe kama anaua mbung'o: "Mwalimu, nimemuua? Nimemuua?" Kisanduku kile kilivumilia mengi.

Tajiri wa mabasi naye akasikia. Akaja na tumbo lake mbele, funguo zinalia. "Mwalimu, mimi nina madereva, sijui nani yuko macho nani anaota. Nipimie wote. Utakayesema yuko sawa, anaendesha. Utakayesema hayuko sawa, anakaa."

Mwalimu alinyamaza mpaka tajiri akaanza kuongea na simu. Halafu akasema, "Mimi si daktari. Nitakwambia nilichoona. Uamuzi ni wako."

"Ndiyo hivyohivyo," akasema tajiri, na uamuzi wote akauacha palepale mezani, akaondoka.

Hapo katikati ndipo Hamisi alipogonga nyati.

Ilikuwa asubuhi, ndani ya hifadhi, basi limejaa. Nyati alitokea upande wa kushoto. Basi likaingia kwenye majani, likakaa ubavu. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Kuna mama mmoja alivunjika mkono, wengine michubuko. Nilipofika nilimkuta mwanangu amekaa kitandani na viatu. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Mama, sikumwona akija. Nilimwona ameshakuwepo."

Tajiri akamsimamisha mpaka apimwe. Akapimwa, Mwalimu amesimama nyuma yake kama alivyosimama nyuma ya kila mtu. Akatoka mzito, anachelewa. Usukani ukaondoka. Hamisi wangu aliyeendesha tangu hajaota ndevu vizuri akawa anaosha mabasi ya wenzake stendi, na watoto wa stendi wanamwambia, "Kaka Hamisi, sugua na kushoto." Mkewe alikuwa ananipigia simu, haongei, anavuta pumzi tu.

Lakini kumbe siyo Hamisi peke yake. Mwalimu alikuwa ameanza kuona kitu kinachomnyima usingizi. Wasukuma, wepesi. Watu wa Iringa wanaopita, wepesi. Madereva wa kwetu Mabwerebwere, huko Kilosa, vijana wazima kabisa, wazito wote, kama wamelishwa ugali wa jana. Akadhani ni waya, akabadilisha waya. Akadhani foleni haifagiliwi, akapitia mistari yake yote. Akaishuku mpaka saa ya kisanduku, ile ile aliyokuwa anaiapia. Binti yake aliniambia alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ya darasani.

Siku ya siku amemkalisha dereva wa Mabwerebwere, mwanafunzi wake wa zamani, yeye amesimama nyuma, mikono mgongoni. Akaingia kuku wa jirani. Mwalimu alitoka kupitia dirishani. Nasema dirishani, binti yake shahidi, na mzee wa umri ule. Yule dereva, mtoto mwema, aliambiwa asigeuze kichwa, hakugeuza. Taa zikaendelea kuwaka, akaendelea kubonyeza. Mwalimu aliporudi, kuku ameshatolewa, akasoma namba. Zile za mwanzo nzito. Kuanzia kuku alipoingia, nyepesi kama za konda.

Alikaa chini. Binti anasema alikaa muda mpaka chai ikapoa, halafu akaanza kucheka, na yeye kucheka kwake ni mabega tu. Akamwambia yule dereva, "Ulikuwa unangoja nini?"

Dereva akajibu, baada ya kungoja kidogo: "Sijui, Mwalimu. Nilikuwa naona kama haijamaliza."

Unaona? Taa imewaka, jicho limeona, kidole kiko tayari, lakini nyuma kuna Mwalimu wa Zamu amesimama. Basi msafiri amefika njiani akasimama, anangoja mkono ushuke. Hata wenyewe walikuwa hawajui wanangoja. Yeye ndiye aliyewapanda hilo, miaka ile, anatazama dari. Nikifikiria hilo nywele zinasimama mpaka leo. Mtu kuweka kitu kidogo namna hiyo ndani ya mtoto, kikakaa humo bila kuoza, mpaka siku mashine inakuja kukipima kama kilo ya sukari.

Kuanzia hapo ikawa desturi yake. Anakiandaa kisanduku kijiendeshe chenyewe, anamwambia mtu, "Macho mbele," anatoka nje, anakaa kwenye benchi.

Habari ya kuku ilinifikia Mabwerebwere na sikumaliza hata kuosha sufuria. Nilipanda gari la kwanza. Njia nzima moyo unaniimbia: mwanangu hakuwa mzito, mwanangu alikuwa na adabu tu.

Nilimkuta Mwalimu uani. Sikungoja marahaba iive. "Mwalimu, Hamisi alipimwa kabla ya kuku."

"Najua. Nimeshamwita. Anakuja saa hii."

Hamisi akaja amevaa shati alilooa nalo. Alikaa mezani, Mwalimu akakiita kisanduku, akafagia foleni, akasema, "Macho mbele, Hamisi. Ukisikia mlio imekwisha." Tukatoka wote wawili, pazia likashuka.

Pale benchini tulikuwa tunasikia vitufe. Tak. Kimya. Tak. Tak. Kila kimoja kilikuwa kinaniingia hapa. Mimi mdomo haukai, nikamwambia, "Mwalimu, umenilia mihogo maisha yako yote."

"Ndiyo."

"Sijawahi kukuomba kitu."

"Hujawahi."

"Ikitoka imepungua kidogo tu, kidogo hivi, kama chumvi, huwezi kuisukuma? Tajiri hajui kusoma hizo namba. Anataka neno moja."

Alitazama barabara, malori yanapita. "Mama Hamisi," akasema, "basi lile lina watu wangapi?"

"Limejaa siku zote."

"Na mimi hupanda."

Nikageukia pazia. Tak. Kimya kirefu. Tak. Nilipenda akasirike ili na mimi nipate pa kukasirikia, lakini hakukasirika. Alisogea akanipa nafasi ya kivuli.

Mlio ukalia. Mwalimu akaingia, nami nikavua ndala mlangoni, nikamfuata nyumanyuma. Sikutaka Hamisi ajue mama yake yupo, mwanaume mzima. Nikaziba mdomo kwa kanga, nikasimama ukutani upande wa kushoto, pembeni ya mwisho wa meza, karibu na ile taa. Ningenyoosha mkono ningemgusa begani. Mwalimu akakaa kulia kwake, akaanza kusoma.

"Nimepita, Mwalimu?"

Mwalimu alisoma mpaka mwisho. "Ukichanganya zote ulizobonyeza, umepita. Mkono wako mwepesi. Si mzito hata kidogo."

Nilimwona mwanangu anashuka mabega, kitu kilichokaa juu yake tangu asubuhi ya nyati kikaondoka. Nami machozi yakanitoka, nikauma kanga. Mwalimu angeweza kuishia pale. Neno moja alikuwa ameshalipata, tena la kweli, hakuna wa kumwuliza. Nilimtazama nikimwomba kwa macho aishie pale.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini nyati hakutokea kwenye mchanganyiko. Nimezitenganisha. Za kulia peke yake, za kushoto peke yake."

"Ndiyo," akasema Hamisi, "nami nilitaka kukuuliza. Ya kushoto mbona hukuiwasha sana?"

Mwalimu akaitazama ile taa ya kushoto.

"Au imeungua? Maana ilikuwa inawaka moja moja, halafu hafifu."

"Inawaka sawasawa na mwenzake," akasema Mwalimu, polepole sana. "Tuiangalie basi. Macho kwenye kialama."

Hamisi akaweka macho kwenye kialama, wima, kama darasani. Mwalimu akabonyeza kitu kwenye kompyuta, na ile taa ya kushoto ikawaka. Haikuwaka ikazima kama zile za kupimia, iliwaka ikabaki. Nyekundu, imeniangukia kanga yote, imeniangukia mikono. Niliiona, Mwalimu aliiona, na kuku wa jirani angekuwepo angeiona.

Mwanangu alikuwa anatazama mbele, kidole kiko tayari.

"Washa basi, Mwalimu," akasema.

Chumba kilikuwa kimya hata malori niliona yamesimama. Mwalimu mikono ameiweka mapajani. Hamisi akangoja. Halafu sijui ni pumzi yangu aliisikia, sijui ni ule ukimya, akaanza kugeuza kichwa kuja kushoto, polepole, shingo yote, mpaka taa ikamwingia usoni. Akaitazama. Kisha akanyanyua macho akaniona mimi niliyesimama juu yake.

"Mama," akasema. "Kumbe umo humu?"

"Nimo, baba."

Mwalimu aliizima taa. Akainuka, akazunguka nyuma ya kiti, akaja akasimama kati yangu na mwanangu, akamwekea mkono kwenye lile bega la kushoto, kwanza mkono, ndipo sauti, ili asishtuke.

"Kesho tunakwenda Morogoro kwa daktari wa macho," akasema. "Basi la asubuhi. Wewe utakaa dirishani kulia, uangalie njia. Huku nitakaa mimi."